Mtaa wetu unajaa maji: tuweke pevingi na kifusi, au tuache uwanja upokee mvua?

Swali: "Habari mtaalamu. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye mtaa unaoteremka kidogo kuelekea bonde la Msimbazi. Barabara yetu ina urefu wa mita 180 hivi, upana mita 7, na nyumba kama 40. Miaka mitatu iliyopita tulijengewa mtaro wa zege upande mmoja, tukashukuru, lakini kila masika maji bado yanapanda hadi vibarazani kwa wenzetu wa chini. Sasa tumeanza kuchanga. Wengi kwenye kamati wanataka barabara yote iwekwe pevingi, mtaro uchimbwe uende chini zaidi, uwanja wa watoto ulioko chini ya mtaa (kama mita 30 kwa 50) ujazwe kifusi ili maji yasituame, na miti miwili ya mikungu ikatwe maana mizizi inapasua mtaro. Kijana wetu mmoja anayesomea ubunifu majengo ametuonyesha picha za miji ya Ulaya ambako pembeni mwa barabara kuna bustani zilizozama zinazokunywa maji, na viwanja vya michezo vinavyogeuka bwawa wakati wa mvua. Wazee wanasema huko ni kualika mbu na nyoka. Pesa yetu inatosha jambo moja kubwa tu. Tufanye lipi?"

Jibu:

Ndugu yangu, asante kwa kuniandikia na vipimo. Wengi huniambia "mtaa wetu unajaa maji" basi, nami nabaki kukisia. Kwa vipimo vyako tunaweza kupiga hesabu kidogo, na hesabu hiyo itawasaidia kwenye kamati kuliko maneno yangu.

Lakini kabla ya hesabu, nikuombe jambo moja: simamisheni kwanza hilo la kifusi. Mtaro mbovu utarekebishwa mwakani, pevingi zitang'olewa, mti utapandwa mwingine. Uwanja ukishajazwa na kushindiliwa, ndani ya miaka michache utakuta fremu za maduka juu yake, na mtaa utakuwa umepoteza sehemu pekee ambayo maji yangeweza kukaa bila kumdhuru mtu. Maji hayatuami pale kwa sababu uwanja una kasoro. Yanatuama pale kwa sababu ndipo chini. Mkipainua, yatatafuta pengine palipo chini, na kwa ulivyoueleza mtaa wako, pengine hapo ni sebuleni kwa hao hao wenzenu wa chini.

Sasa tuone hayo maji yanatoka wapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua mvua nzito ya masika, milimita 40 ndani ya saa moja. Barabara yenu ina mita za mraba 1,260, kwa hiyo inapokea lita 50,000 hivi. Nyumba 40, tukikadiria kila paa ni mita za mraba 120, zinapokea lita 192,000. Ua wa kila nyumba uliosakafiwa, tuseme mita 60 za mraba, unaongeza lita 96,000. Jumla ni karibu lita 340,000, yaani mita za ujazo 340, na katika hizo barabara yenyewe imechangia chini ya moja ya sita. Zaidi ya nusu imetoka kwenye mabati. Wanakamati wengi hushangaa hapa, kwa kuwa macho yetu yote yako barabarani, ambako ndiko maji yanakoonekana.

Hii ndiyo maana ya mafuriko ya mjini. Zamani, kabla ya nyumba, mvua hiyohiyo ilidondoka kwenye majani na kwenye udongo wa kichanga. Sehemu kubwa ilizama, na iliyobaki ilitembea polepole kwa saa nyingi mpaka mtoni. Bati linaimwaga kwa dakika chache, ua wa saruji unaisukuma getini, na barabara inaikimbiza chini. Maji yaliyokuwa yakifika kwa zamu sasa yanafika yote kwa pamoja. Mtaro wa zege haupunguzi hata tone. Kazi yake ni kuyahamisha haraka zaidi kwa jirani wa chini, na jirani huyo naye ana mtaro unaofanya vivyo hivyo, hadi Msimbazi, hadi Jangwani. Nimesema hivyo bila kuidharau mitaro. Inahitajika. Ila haiwezi kuwa jibu peke yake.

Na hapa nina shaka na mpango wa kuchimba mtaro uende chini. Mitaro ya mitaa kama wenu kwa kawaida ina upana wa nusu mita hivi na kina kinachozidi kidogo hapo. Mtaro wa vipimo hivyo ukiwa msafi na wenye mteremko wa kutosha, unamudu maji ya nyumba 40. Kama wenu haumudu, basi kuna moja kati ya mambo matatu: umejaa mchanga na taka, unapokea maji ya mitaa ya juu ambayo hamkuyahesabu, au njia imeziba chini, kwenye kalavati (bomba au daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara) au kule unakomwaga. Njia ya kujua haina gharama. Mvua ijayo, mtu mzima mmoja asimame kibarazani, mahali salama, autazame mtaro ukiwa umejaa. Maji yakikimbia kwa kasi huku yakimwagika pembeni, mtaro ni mdogo. Yakijaa huku yamesimama, au yanajongea kivivu na chupa za plastiki zinaelea palepale, tatizo liko chini, na hata mkiongeza kina mara mbili hamtapata nafuu. Tena mtaro ukichimbwa chini kuliko sakafu ya kalavati unakomwagia, ile tofauti ya kina inabaki kuwa dimbwi la kudumu. Wazee wanaoogopa mbu waogope hilo kwanza.

Kuhusu pevingi, kuna dhana kwamba zinanyonya maji kwa sababu zina viungo. Zinazowekwa mitaani kwetu hazinyonyi kitu cha maana. Chini yake kuna moramu iliyoshindiliwa, mara nyingi yenye saruji, na viungo vimejazwa mchanga mwembamba unaoziba upesi. Zipo pevingi zilizotengenezwa makusudi kupitisha maji, zenye tabaka la kokoto chini lisilo na vumbi, lakini zinataka fundi anayejua na usafishaji wa mara kwa mara. Kwa mtaa wenye vumbi na mchanga unaoshuka kutoka juu, nisingewashauri mtumie mchango wenu huko. Pevingi za kawaida zina faida zake, zinaondoa tope na ni rahisi kukarabati, ila mjue kwamba zinaongeza maji yanayoshuka.

Picha za yule kijana wenu ni za kweli, na naifahamu asili yake. Tarehe 2 Julai 2011, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ulipata zaidi ya milimita 100 za mvua kwa saa chache. Mifereji ya chini ya ardhi ilishindwa, vyumba vya chini vya majengo vikajaa, hasara ikafikia mabilioni ya krona. Mwaka uliofuata mji ukapitisha mpango wa kuyashughulikia maji juu ya ardhi: barabara fulani ziyabebe, bustani fulani ziyahifadhi. Bustani ya zamani iitwayo Enghaveparken ilikarabatiwa na kukamilika 2019. Uwanja wake wa michezo ulishushwa, kingo zikajengwa kama ukuta mfupi wa kukalia, na bustani nzima sasa inaweza kushika kama mita za ujazo 22,600. Siku nyingi za mwaka watu wanacheza na kupumzika humo kama bustani nyingine yoyote.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ya joto ni Singapore. Mto Kallang ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege ulionyooka. Katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio waliuvunja mfereji huo wa kilomita 2.7, wakauacha mto upinde na kutanuka kwenye majani kwa kilomita 3.2, na eneo likafunguliwa 2012. Ndege na kereng'ende walirudi wenyewe. Maji yakipanda, watu wanaondoka kingoni; yakishuka, wanarudi. Sisi nasi tumeanza kufikiri hivyo kwa kiwango kikubwa: mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unakusudia kuinua daraja la Jangwani na kuligeuza bonde kuwa bustani ya mji inayoruhusiwa kufurika. Kila lita mtakayoichelewesha huko Tabata ni lita ambayo Jangwani haitaipokea wakati mbaya zaidi.

Turudi uwanjani kwenu. Mita 30 kwa 50 ni mita za mraba 1,500. Mkiushusha kwa wastani wa sentimita 40, na kingo zikalazwa ili mtoto apande na kushuka bila shida, unashika karibu mita za ujazo 500. Maji ya mtaa wote kwa ile mvua ya milimita 40 ni 340, na yanayodondoka uwanjani kwenyewe ni 60. Yanaenea. Uwanja huohuo mnaotaka kuuzika chini ya kifusi unaweza kumeza saa nzima ya mvua nzito, na kesho yake jioni watoto wakarudi na mpira wao.

Ila ufanyike vizuri, na uzuri wenyewe uko kwenye vitu vidogo. Maji yaingie kwa mlango mmoja au miwili inayojulikana, yapite kwanza kwenye kishimo cha zege chenye ukubwa wa meza, ambamo mchanga na taka vitatua; hicho ndicho kitakachozolewa kwa koleo, badala ya uwanja mzima. Sakafu ya uwanja ilale kidogo kuelekea kona ya chini. Kwenye kona hiyo liwekwe bomba la inchi 6 lenye wavu, linalotoa maji polepole kurudi mtaroni. Bomba la kipenyo hicho litaumaliza uwanja uliojaa ndani ya nusu siku hadi siku moja, hata kama udongo haunywi kabisa. Kisha, na hili msilisahau, upande mmoja wa ukingo uwe chini kidogo kuliko pande nyingine, umejengwa kwa mawe, ili siku uwanja ukifurika maji yatoke pale mlipopachagua na si getini kwa mtu. Udongo mtakaochimba, sehemu yake itengenezeni tuta la kukalia upande wa juu wa uwanja, mpande ukoka juu yake na miti ya kivuli.

Sasa mbu. Hofu ya wazee ina msingi. Dar es Salaam imepata mlipuko wa homa ya dengi 2014 na tena 2019, na hakuna anayetaka kuongeza. Lakini mbu hazaliwi na bustani. Anazaliwa na maji yaliyosimama. Kuanzia yai hadi mbu mwenye mabawa, kwa joto letu, huchukua takribani wiki moja au zaidi. Ndiyo maana wahandisi tunaweka sharti kwamba sehemu yoyote ya kuhifadhi mvua iwe imekauka ndani ya saa 72, na mimi napenda 48. Anayeeneza dengi hupendelea vyombo vidogo: tairi kuukuu, ndoo, kifuu, sahani ya chungu cha maua, tangi lisilo na mfuniko. Yule wa usiku anayetusumbua masikioni hupenda mitaro michafu na mashimo ya vyoo. Uwanja unaokauka kesho yake hauna nafasi ya kumlea yeyote kati yao. Nyoka naye hufuata panya, na panya hufuata taka na vichaka visivyofyekwa. Majani mafupi na usafi vinamaliza hoja hiyo.

Kinachonitia hofu mimi zaidi ni vyoo. Sote tunajua tabia ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha, mtu anafungua shimo lake maji yasombe. Mkigeuza uwanja wa watoto kuwa mahali pa kupokea maji ya mtaa huku tabia hiyo ikiendelea, mtakuwa mmewapelekea watoto kipindupindu uwanjani. Hili lizungumzwe wazi kwenye mkutano wa mtaa kabla ya koleo la kwanza, na lisimamiwe na serikali ya mtaa pamoja na afisa afya wa kata. Kama mnaona hamtaweza kulizuia, bora maji ya barabara yaendelee kupita mtaroni na uwanja upokee maji ya mapaa tu.

Bustani zilizozama pembeni mwa barabara nazo zinafaa, kwa awamu ya pili. Nimeona mitaa ikipanda miti ndani ya vizimba vya matofali vilivyoinuliwa, vinapendeza, na maji yanapita chini yake bila kuingia hata tone. Ili bustani inywe maji, uso wa udongo uwe chini ya barabara kwa sentimita 15 hivi, na ukingo wa barabara ukatwe mlango wa nusu mita. Hapo mlangoni udongo ushuke ghafla kama sentimita 5 na kuwekwa mawe, la sivyo majani na mchanga vitajirundika na kuuziba mlango baada ya mvua mbili tatu. Ndani pandeni vitu vinavyostahimili kufurika na kiangazi kikali pia: ukoka, nyasi za vetiva, maua ya kana. Kana zikichanua, ndege chozi watakuja kunyonya maua bila kualikwa. Kwa miti, mzambarau unavumilia miguu kulowa na matunda yake yanaliwa na watu na ndege. Mwarobaini tunaupenda sana, lakini hautaki maji yaliyosimama kwenye mizizi. Uende juu kwenye tuta. Mwashoki unapandwa kila mahali kwa sababu umenyooka na hauna fujo, lakini kivuli chake ni kidogo mno kwa mtaa wenye jua kama lenu.

Kabla ya kuchimba bustani yoyote ya kunyonya maji, pimeni udongo. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 60, lijazeni maji, liache liishe, lijazeni tena, kisha weka rula uone yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 5 na zaidi, udongo wenu ni mzuri. Yakishuka chini ya sentimita moja, msitegemee unyonyaji. Wekeni bomba la kutolea. Pima wakati wa masika, kwa sababu maeneo mengi ya chini ya Dar es Salaam maji ya ardhini hupanda msimu huo, na shimo likijaa lenyewe kutoka chini mmepata jibu. Msichimbe karibu na msingi wa nyumba, acheni angalau mita 3, na mkae mbali zaidi na mashimo ya vyoo, maana mtayajaza.

Mikungu ningeiacha. Ni kweli inapukutisha majani mapana yanayofunika wavu wa mtaro, na popo huzifuata kungu, yaani matunda yake, usiku. Lakini mizizi mara chache huvunja zege zima. Huingia pale penye ufa na unyevu, kisha huupanua. Zibeni nyufa, fagieni majani kwa zamu msimu wa kupukutika, na mkipenda pogoeni. Mti mkubwa wa aina hiyo unazuia sehemu ya mvua kwenye majani, unafungua udongo kwa mizizi, na unapoza barabara mchana. Mche mpya utahitaji miaka mingi kufikia hapo.

Ningependa pia kila nyumba ifanye jambo lake. Tangi la lita 2,000 kwa kila paa, kwa nyumba 40, ni lita 80,000 zisizofika barabarani. Sharti ni kwamba liwe tupu mvua inapoanza. Tangi lililojaa tangu juzi halisaidii mafuriko, ingawa linasaidia siku maji ya bomba ya DAWASA yanapokatika. Na ua usisakafiwe wote. Acheni hata theluthi moja ya udongo na majani.

Nisiwadanganye kuhusu mipaka ya haya yote. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata takribani milimita 156 kwa siku moja, na watu karibu 40 walipoteza maisha. Mvua kama ile ingeleta kwenye mtaa wenu mita za ujazo 1,300, zaidi ya mara mbili ya uwezo wa uwanja. China nayo, iliyowekeza sana katika miji ya kunyonya mvua kama sponji, iliona mji wa Zhengzhou ukizama tarehe 20 Julai 2021 baada ya milimita 201.9 kunyesha kwa saa moja. Bustani zinazuia mafuriko ya kila mwaka yale yanayowachosha, na yale makubwa zinayapunguza makali tu. Kwa hayo mnahitaji njia ya dharura ya maji isiyojengwa kitu, na wenzenu wa chini wajue mapema ni lini wahame na watoto. Nyumba yoyote iliyo ndani ya mita 60 za kingo za mto, kinyume na sheria ya mazingira ya 2004, haiokolewi na uwanja wenu.

Pesa yenu ya jambo moja, basi, naielekeza uwanjani, baada ya kuzoa mtaro na kukagua kalavati kwa nguvu kazi. Msianze kuchimba kwa maneno yangu pekee. Uwanja wa wazi una mmiliki kisheria, na mtaro pamoja na hifadhi ya barabara viko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, mwombe mhandisi wa TARURA na afisa mipango miji wa manispaa wafike kwa miguu. Mhandisi ni lazima kabisa kama mtainua tuta upande wa chini wenye nyumba, kama uwanja una bomba la maji au waya wa umeme chini yake, kama kuta za nyumba jirani zimeshaanza kupasuka, au kama maji yanatoka mitaa ya juu. Mkienda, chukueni vipimo mlivyonitumia pamoja na hesabu hizi, matokeo ya shimo la majaribio, na video ya mtaro wakati wa mvua yenye tarehe na saa. Mhandisi akiona hayo mezani, mazungumzo yenu yataanzia mbali.